Hela ya soda kwa chakula cha kufungiwa



Kuna swali limeingia dukani kwangu na halitaki kutoka. Ukiagiza chakula ukafungiwa, au ukaletewa na bodaboda mpaka mlangoni, kuna haja ya kumwongezea mtu chochote juu ya bei? Ukikaa mezani ukahudumiwa, hapo wengi wetu tunajua: unaacha mia tano, unaacha elfu, unaondoka. Lakini huyu wa kufungiwa hukumwona akikufutia meza wala akikuletea maji ya kunawa. Amekupa mfuko tu. Unampa kwa lipi?

Ninyi wa visiwani mnasema bakshishi. Sisi huku Arusha tunasema hela ya soda, hela ya maji, na kwa ajili ya watalii tumeshazoea kusema tipu. Mie ni fundi cherehani, nashona magauni ya nikah na shera, na dukani tuko wanawake watano. Mchana hatupiki. Tunaagiza wali maharage, ndizi nyama, siku nyingine loshoro ya akina mama wa Kimeru, na siku ya Ijumaa pilau. Kwa hiyo swali hili kwetu ni la kila siku saa saba mchana, na kila mmoja ana jibu lake.

Nianze na hawa watalii, maana huwezi kuongelea tipu Arusha ukawaacha. Mji huu nusu yake unakula kwa safari. Mtu akienda kupanda Mlima Meru, anaanzia geti la Momella, analala Miriakamba, analala Saddle, na askari wa hifadhi mwenye bunduki yuko naye njia nzima kwa sababu ya nyati na tembo. Nyuma yao kuna mpishi na wapagazi. Siku ya kushuka kuna kukusanyika, kuimba, na mgeni kutoa tipu. Kampuni nyingi zinamwambia mgeni mapema kabisa atenge kiasi gani kwa nani. Kaka yangu alibeba mizigo miaka kadhaa Meru na Kilimanjaro kabla hajarudi shambani, na alikuwa anasema tipu ndiyo inayopeleka watoto shule, mshahara ni wa nauli.

Sasa kilichomuumiza kaka siyo mgeni kutotoa. Mgeni alitoa. Alimkabidhi kiongozi wa msafara bahasha moja ya wote, na bahasha ikipita mikononi inakonda. Siyo kaka peke yake aliyelalamika hivyo. Moshi kuna mradi unaitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project, ulianza mwaka 2003, na moja ya kazi zake ni kufuatilia kama mpagazi amelipwa inavyostahili na kama tipu aliyopewa na mgeni imemfikia kweli. Yaani jambo dogo la kupeana asante limehitaji mradi mzima wa kulisimamia! Hilo liweke kichwani, nitalirudia tukifika kwenye kopo la kaunta.

Turudi kwenye mfuko wa chakula. Wanaosema hakuna haja wana hoja moja nzito: bei ni bei. Nimelipa elfu nane ya kuku na chipsi, mkataba umeisha. Hakuna aliyenihudumia.

Mie nimesimama jikoni kwa watu hawa mara nyingi nikisubiri, na nakwambia kufunga chakula ni kazi. Anayekula mezani anapewa sahani, akikosa chumvi anaita. Wewe wa kufungiwa huwezi kuita, kwa hiyo yule binti anatakiwa akumbuke yote mara moja. Mchuzi kwenye kopo lake usimwagike, kachumbari kando isichemke na wali, pilipili kwenye kikaratasi, kijiko, kitambaa, na yule aliyesema asiwekewe kitunguu asiwekewe. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku huku bara tarehe 1 Juni 2019 (ninyi visiwani mlitutangulia miaka mingi), anafunga kwa bahasha ya kaki au kamfuko ka kitambaa, na Arusha ikinyesha ile mvua yetu ya masika bahasha ya kaki inatoboka njiani. Binti mwenye akili anafunga mara mbili. Halafu wateja wa mezani nao wanamwita. Huyo ndiye tunayesema hakufanya kitu.

Na yuko mwingine nyuma yake ambaye hata mfuko hatumwoni akiushika, mpishi. Hapa ndipo dini yetu iliponishika mimi. Iko hadithi aliyoipokea Abu Huraira, wengi mmeisikia darsani, kwamba mtumishi wako akikuletea chakula alichokupikia, basi umkalishe ule naye, na kama hukumkalisha, umpe tonge au matonge mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyevumilia joto lake na kuhangaika nacho. Ile sababu ndiyo naipenda. Mtume (S.A.W.) ametaja joto. Mimi nimesimama kwenye jiko la mkaa la mgahawa mmoja hapa Kaloleni dakika kumi tu, mtandio ukanata shingoni. Mwenzangu amesimama hapo tangu alfajiri.

Sisemi kwamba hadithi hiyo imefanya hela ya soda kuwa faradhi. Masheikh wapo, waulizeni. Ninavyoelewa mimi ni zawadi, ukitoa una malipo yako kwa Allah, usipotoa huna dhambi. Lakini kitu kikiwa si faradhi hakimaanishi moyo usikifikirie.

Sasa bodaboda. Hapa nina ukali kidogo, mnisamehe.

Nauli siyo hela ya soda. Naona watu wanachanganya. Kijana amekwambia kutoka mjini mpaka kwako Ilboru ni elfu tatu. Wewe unambana mpaka elfu mbili, unamwambia mbona jirani yangu analetewa kwa elfu mbili, anakubali kwa sababu kijiwe kimejaa na hana abiria. Akifika unampa elfu mbili na mia tano, unamwambia kwa madaha, "hiyo ya soda, mdogo wangu." Dada yangu, hujampa soda. Umemkata elfu moja ukamrudishia nusu, na asante juu ukapokea.

Vijana wengi pale kijiweni pikipiki siyo zao. Kuna mwenye chombo, na kila jioni anataka hesabu yake, elfu saba, elfu nane, inategemea walivyokubaliana, mvua inyeshe isinyeshe. Mwingine yuko kwenye mkataba, analipa kidogokidogo mpaka pikipiki iwe yake. Mafuta yake, pancha yake, traffic akimsimamisha ni yake. Kupanda Ilboru au Moshono kwenye lile tope letu jeusi la mlimani, na mfuko wako wa mchuzi umening'inia kwenye usukani, siyo mchezo. Ujira katika dini yetu unatakiwa ujulikane kabla ya kazi, na mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, hilo Mtume (S.A.W.) ametuusia na kila mtoto wa madrasa analijua. Kwa hiyo kwanza nauli ya haki. Ikishalipwa kamili, ndipo tuzungumze soda.

Na upande wa pili niseme pia, maana haki ina pande mbili. Kuna hawa vijana ambao kila siku hawana chenji. Umempa elfu kumi, chakula na nauli ni elfu tisa, anajipapasa mifuko yote minne, "dada sina chenji aisee," na anaanza kuwasha pikipiki. Hiyo siyo zawadi, maana zawadi hutoka kwa ridhaa ya mtoaji. Mie humwambia asubiri, namtuma mtoto duka la Mangi abadilishe, nachukua elfu yangu yote, halafu nikitaka namrudishia. Atajua kwamba nimempa, siyo kwamba amechukua. Wenzangu dukani wananicheka kwamba nazungusha elfu moja kama mashine ya fulana, lakini ndivyo nilivyo.

Kuna jambo jingine tusilifumbie macho, hasa Ramadhani. Saa kumi na moja jioni foleni ya futari imefika barabarani, mihogo ya nazi, maandazi, samosa, kila mtu anaangalia saa. Mama mmoja anapita pembeni, anamkunjia kijana elfu mbili kiganjani, mfuko wake unatangulia. Au yule anayempa muuza chipsi mia tano ili mshikaki wa pili uingie kimyakimya bila kuhesabiwa. Hiyo tusiiite bakshishi. Chakula kile ni mali ya tajiri wake, na ile nafasi kwenye foleni ni ya yule bibi aliyesimama mbele yako amefunga kama wewe. Mnakumbuka kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akasema hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akahoji kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata. Mimi kipimo changu nimekitoa humo. Nikitoa kabla ya kupata huduma, najiuliza nanunua nini. Nikitoa baada, na sikupata zaidi ya wenzangu, moyo unatulia.

Na sasa lile kopo.

Kuna mgahawa tuliokuwa tunaagiza kwao, jina naliacha. Binti aliyekuwa anatufungia chakula ni mtoto wa huku juu mlimani, mwembamba, mpole, na hesabu anapiga kichwani kuliko simu. Sisi tulikuwa tunampa mia tano, elfu, siyo kila siku. Siku moja tukakuta kwenye kaunta, pale pa kuchukulia mifuko, kopo la plastiki limekatwa tundu juu, limeandikwa kwa kalamu ya wino "asante". Tukafurahi, tukawa tunatumbukiza. Mwisho wa mwezi wa pili yule binti alikuja dukani kwangu kupunguza sketi, akaniambia kopo linafunguliwa na tajiri. Wanagawiwa kitu kidogo, na walipoomba nyongeza ya mshahara wakajibiwa, "si mnapata za wateja?"

Nilikaa kimya nikiwa na pini mdomoni. Kwa maana ile hela yetu ya mapenzi ilikuwa imegeuzwa sababu ya kumnyima haki.

Mume wangu ndipo aliposhika hoja yake, na mpaka leo hajaiachia. Anasema mkitoa hela ya soda mnamsaidia tajiri kulipa mshahara. Sheria ipo, tajiri alipe. Na kweli sheria ipo. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilitaja migahawa, nyumba za wageni na baa kwa jina, ikaweka kima cha chini shilingi 130,000 kwa mwezi, na hoteli kubwa za kitalii 250,000. Tangu hapo viwango vimeshapandishwa. Mume wangu anatoa na mfano wa Marekani, anapenda sana mifano ya huko. Sheria yao ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata tipu dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijaguswa tangu mwaka 1991, kwa sababu inategemewa mteja atajaza. Baadhi ya majimbo yao yana viwango vyao vya juu zaidi, lakini hiyo ndiyo sheria ya juu. Ndiyo maana ukikaa mgahawani kwao usipoacha kitu wanakuona umemwibia mtu. Mnataka tufike huko? ananiuliza.

Sitaki. Lakini sikubaliani naye kwamba dawa ni kuacha kutoa. Tajiri wa kudhulumu atadhulumu na kopo likiwa tupu. Nilichobadilisha ni njia. Kopo siliwekei tena. Na ile lipa namba iliyobandikwa ukutani naitumia kwa bei ya chakula tu, senti haizidi, maana ukiongeza elfu pale inaingia kwenye simu ya tajiri, na binti aliyefunga mfuko mara mbili hajui hata kama umeongeza. Ya kwake namtia mkononi, noti imekunjwa, bila kutangaza. Tukitoa kwa kutangaza tukamsimulia na kesho, tumeshaambiwa kwenye Qur-an kinachotokea kwa sadaka ya masimbulizi na maudhi. Kama sina noti ndogo namuomba namba yake mwenyewe, ingawa hapo uangalie, maana wanaume wa kaunta ukiwaomba namba wanaelewa mengine. Kwa hao natuma mtoto.

Hili la mwajiri nalisema nikiwa nami ni mwajiri. Wasichana wangu wakipewa kitu na bi harusi aliyefurahia gauni, kile ni chao. Sikihesabu, sikiulizi, na hakiingii kwenye mazungumzo ya mshahara. Sharti langu kwao ni moja tu, wasiombe, na wasimshikilie mteja gauni kwa kumchelewesha ili atoe. Ninalomtaka tajiri wa mgahawa afanye, nimeona nilifanye kwanza kwenye cherehani zangu nne.

Kiasi je? Mie sina asilimia, sijui kupiga asilimia kwenye sahani ya wali. Nikienda kuchukua chakula changu mwenyewe, sahani moja, mara nyingi natoa salamu na dua, basi. Tukiagiza sahani tano zenye masharti matano, binti anapata elfu yake. Boda wa mchana wa jua, karibu, nauli kamili inatosha. Boda wa usiku, wa mvua, au wa mwezi wa Juni na Julai baridi ya Meru inapokata vidole, huyo namwongezea, na kabla hajaondoka namwuliza kama amekula. Ijumaa tunatoa zaidi, na kuelekea Idi tunawachangia wale wa kila siku wote pamoja na dada anayeosha vyombo nyuma, ambaye hakuna mteja anayeijua sura yake.

Nije kwenu mabibi harusi, maana nilipoanza kuandika ninyi ndio mliokuwa kichwani mwangu.

Siku hizi shughuli nyingi huku kwetu chakula hakipakuliwi kwenye sinia, kinafungwa. Biriani boksi mia, mia mbili, za kugawa ukumbini na za kupelekea wagonjwa na majirani. Mnakubaliana bei na mpishi, mnalipa, na mnamhesabu mpishi mmoja. Lakini pale kwenye turubai usiku wa kuamkia nikah kuna kina mama kumi. Kuna waliomenya vitunguu gunia mpaka macho yamevimba, kuna vijana wa kubeba sufuria, kuna waliofunga boksi tangu baada ya Alfajiri mpaka Dhuhuri. Hao mpishi anawalipa anavyojua yeye.

Na usiku huohuo, kwenye singo na hina, tunatunza. Jamani tunajijua! Mwimbaji akishika pale penyewe, noti za elfu tano na elfu kumi zinabandikwa kwenye paji la uso, mwingine anazimwaga kama maua. Sina ugomvi na waimbaji, nao wanakula kwa koo zao. Ila naona ajabu mtu huyohuyo aliyemtunza mwimbaji elfu hamsini kwa wimbo mmoja, asubuhi anauliza wabeba sufuria walipwe kwa lipi tena wakati mpishi ameshalipwa.

Ninavyowashauri wateja wangu ni waweke fungu hilo kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na hina na maua, lisiwe la kukumbuka siku ya siku. Muulize mpishi atakuja na wasaidizi wangapi, mwambie kabisa kwamba utawapa kitu chao mwenyewe na kisipunguze alichowaahidi. Mpishi mwenye kujiheshimu hatakasirika. Bahasha ziandaliwe, hata za elfu mbilimbili, apewe shangazi au mama mdogo asiyecheza sana ngoma, azigawe mkono kwa mkono boksi la mwisho likishafungwa, kabla magari hayajaenda ukumbini. Baada ya hapo hutawapata, wanakuwa wameshapanda kifodi wanarudi kwao na harufu ya moshi kwenye kanga. Na wawekewe biriani yao kando mapema, iliyo na nyama, siyo ukoko.